Mshahara Usipatanwe Chini ya Shuka

Kura bila ujira wa haki ni uhuru nusu. Sisi wa Garissa, Wajir na Mandera tunalijua jambo hili. Hali ya hatari iliyotangazwa katika eneo letu Desemba 1963 haikuondolewa hadi mwaka 1991, mwaka uleule kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani kilipofutwa na vyama vingi vikarejea. Kwa takriban miaka 28 nchi moja ilikuwa na vipimo viwili, kimoja cha Wakenya wengine na kimoja chetu. Tuliokipinga kipimo hicho hatuwezi kukinyamazia kingine, kinachompa mwanamume na kumpunja mwanamke.

Sheria haina kigugumizi. Kenya iliridhia Mkataba nambari 100 wa Shirika la Kazi Duniani mwaka 2001. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inamwamuru mwajiri kutoa ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Na shauri likifika mahakamani, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba hakubagua. Katiba ya 2010, vifungu vya 27 na 41, inahifadhi usawa na malipo ya haki. Tuzingatie neno thamani. Sheria haisemi kazi ileile tu. Mwanamke apikiaye bweni zima na mwanamume alindaye lango la bweni hilo wapimwe kwa ujuzi, jasho na dhamana, wala si kwa jinsia.

Dhuluma huingia wapi, basi? Huingia gizani. Mwalimu wa Tume ya Kuajiri Walimu hulipwa kwa daraja linalojulikana na wote. Lakini mwalimu wa mkataba aliyeajiriwa na bodi ya shule, karani wa duka au mhudumu wa zahanati ya kibinafsi hukubaliana na mwajiri faraghani. Katika masoko ya mifugo ya Wasomali, madalali hupatana bei kwa vidole chini ya nguo, na watazamaji wasijue kitu. Desturi hiyo ina heshima yake kwa ngamia na mbuzi. Binadamu si mfugo, na mshahara wake usipatanwe chini ya shuka.

Kuna hoja kuukuu kwamba mwanamke ana mume wa kumlisha. Ndiyo hoja iliyotumiwa na serikali yenyewe, ilipowanyima watumishi wake walioolewa posho ya nyumba kwa miaka mingi. Je, mjane wa Bura alishwe na nani? Na yule ambaye mifugo ya nyumba yake iliteketea katika ukame wa 2020 hadi 2023? Hata huyo mwenye mume, ujira ni wa kazi aliyoifanya, si sadaka ya ndoa.

Twawaomba dada zetu wasiende mezani mikono mitupu. Waulize kwanza daraja la kazi hiyo na kiwango chake. Wataje kiasi wanachodai, pamoja na vyeti na miaka ya kazi. Wasikubali ahadi ya mdomo. Mkataba wa miezi mitatu au zaidi lazima uandikwe, na mfanyakazi asiye kibarua wala wa kipande, aliyeajiriwa kwa zaidi ya miezi sita, ana haki ya kupewa hati inayochanganua malipo yake. Anayepuuzwa akamwone afisa wa kazi. Na asiende peke yake: chama cha wafanyakazi kipo kwa sababu kidole kimoja hakivunji chawa.

Nasi wanamageuzi tuna wajibu. Tunazitaka bodi za shule, mashirika ya misaada na serikali za kaunti zitangaze viwango vya mishahara kabla ya kuajiri. Tuanze na makanisa yetu, misikiti yetu na ofisi za harakati zetu. Anayedai uwazi Nairobi huku akificha daftari la mishahara Garissa hajaleta mageuzi. Amebadilisha mwenye shuka tu.