Nasaha kwa Vijana: Je, Ajali Haina Kinga?



Msemo mmoja umezoeleka sana vinywani mwetu, nao ni huu: "Ajali haina kinga." Aangukapo fundi juu ya nyumba, husemwa hivyo. Alipukiwapo kijana na pipa la mafuta, husemwa hivyo hivyo, kisha watu hupangusa machozi, huzika, na siku ya tatu kazi huendelea pale pale, kwa njia ile ile. Mimi sisemi kwamba msemo huu ni wa uongo. Nasema kwamba twautumia pasipo mahali pake. Twawafariji kwa huo wafiwa, na hilo ni jema. Lakini pia twaufanya pazia la kufunikia uzembe wa walio hai, na hilo si jema hata kidogo.

Natutazame jambo lililotokea Bhopal, mji wa India ya kati. Mjini humo palikuwa na kiwanda cha dawa ya kuulia wadudu wa mashambani, mali ya kampuni ya Union Carbide ya huko India. Dawa hiyo ilitengenezwa kwa kemikali iitwayo methili isosianati, ambayo ni sumu kali mno. Huchemka kwenye joto la nyuzi 39 tu, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hautoroki kwenda juu bali hutambaa chini, kwenye kimo cha watoto na cha watu waliolala.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, maji yaliingia katika tangi lililokuwa na kiasi cha tani 40 za kemikali hiyo. Jinsi yalivyoingia, watu wamebishana miaka mingi. Lakini yaliyofuata hayana ubishi. Maji na kemikali hiyo havipatani. Joto likapanda, tangi likafura, na gesi ikatoka kwa nguvu ikauelekea mji.

Sasa sikilizeni, vijana. Kiwanda kile hakikuwa bila kinga. Palikuwa na mtambo wa kulipoza tangi. Ulikuwa umezimwa miezi kadhaa kabla. Palikuwa na mtambo wa kuisafisha gesi isitoke na sumu. Haukuwa tayari kwa kazi. Palikuwa na mnara wa kuichoma gesi ikipotoka. Bomba lake lilikuwa limefunguliwa lingojee matengenezo. Palikuwa na mipira ya maji; maji yake hayakufika juu gesi ilikotokea. Kadhalika idadi ya wafanyakazi wa sehemu ile ilikuwa imepunguzwa, na mafunzo yao yamefupishwa, ili gharama zipungue. Wala maonyo hayakukosekana. Mwaka 1981 mfanyakazi mmoja alikufa kwa gesi humo kiwandani, na mwaka 1982 mwandishi wa habari Rajkumar Keswani aliuonya mji gazetini zaidi ya mara moja. Je, hii ndiyo ajali isiyo na kinga? La! Kinga zilikuwapo, moja baada ya moja zikaachwa.

Tena liko jambo moja linaloumiza moyo kuliko yote. Wafanyakazi waliokuwa zamu usiku ule walijua la kufanya: walitazama upepo wavuma wapi, wakakimbilia kule unakotoka, na karibu wote wakasalimika. Watu wa vibanda vilivyo nje ya ukuta hawakujua. Hakuna aliyewafundisha. King'ora cha kuwaonya kililia kidogo kikazimwa. Wengi walikimbia pamoja na upepo, yaani pamoja na sumu, na kila walivyohema kwa mbio ndivyo walivyozidi kuivuta. Kitambaa kilicholowa maji, kikiwekwa usoni, kingewafaa maelfu. Lakini nani aliwaambia? Serikali ilitaja kwanza watu 2,259 waliokufa, na hesabu za baadaye zikazidi hapo sana. Waliovuta gesi ile walipita nusu milioni, na wako wanaougua hata leo.

Basi tofauti kati ya aliyeishi na aliyekufa haikuwa nguvu wala mali. Ilikuwa neno moja la mafunzo.

Usiku huo huo, katika stesheni ya reli ya Bhopal, naibu msimamizi aitwaye Ghulam Dastagir aliiona hatari, akaamuru treni iliyojaa abiria iondoke kabla ya saa yake, bila ya kungoja ruhusa ya wakubwa. Akabaki pale akiomba msaada wa stesheni nyingine na kuwahudumia walioanguka, na maradhi ya gesi yakamwandama mpaka mwisho wa uhai wake. Mtu wa namna hiyo twamheshimu. Lakini yafaa tujiulize: kwa nini maisha ya mji mzima yategemee ushujaa wa mtu mmoja, hali kazi ya kiwanda ni kujitayarisha kabla?

Huenda msomaji akasema, "Bhopal ni mbali." Ndugu yangu, sumu haiko mbali. Vijana wetu wafanya kazi bandarini, katika vituo vya petroli, katika gereji za betri, katika mashamba yanyunyizwayo dawa, na wengine wamekwenda kutafuta riziki katika viwanda vya Ghuba. Nyumbani nako, mama huchanganya jiki na asidi ya kusafishia choo akidhani usafi utazidi, kumbe amezalisha gesi ya klorini ndani ya chumba kidogo. Baba hutia mafuta ya taa katika chupa ya soda, mtoto akaja na kiu yake.

Kwa hiyo, kijana uingiapo kazini, usione haya kuuliza mambo manne. Kitu hiki ni nini, na maandishi ya hatari yake yako wapi? Kikinimwagikia nifanye nini, na maji ya kunawia yako umbali gani? Kengele ikilia tukimbilie wapi, na nani atatuhesabu? Na mara ya mwisho tuliyafanyia mazoezi haya lini? Mwajiri mwema hataudhika. Sheria za usalama kazini, ya Tanzania ya mwaka 2003 na ya Kenya ya mwaka 2007, zinamwajibisha kukufundisha na kukulinda.

Na neno la tano ni hili, lishikeni sana. Mwenzako akianguka ndani ya shimo la maji machafu au ndani ya tangi, usimfuate bila ya chombo cha kupumulia. Huruma yako ni njema, ila gesi ya humo huweza kuiua pua isisikie harufu, kisha ikamwangusha wa pili juu ya wa kwanza, na wa tatu juu ya wa pili. Ita watu, ita zimamoto, mfikishie hewa safi ukiwa nje.

Wako watakaosema kwamba kujihadhari sana ni upungufu wa tawakali. Hayo si kweli. Sote twafahamu mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie, juu ya kumfunga ngamia kwanza ndipo kumtegemea Mwenyezi Mungu. Aliyemwacha ngamia wake bila kamba, kisha akasema "ni kudra," hakutegemea, amezembea tu.

Leo usiku, mkisha kula, baba na awaulize watoto: moto ukiwaka jikoni, tutokee mlango gani, tukutane wapi? Wakinyamaza, basi somo la kwanza lianzie hapo.

Wabillahi tawfiq.