RUBANI WA NDEGE NDOGO NI MFANYAKAZI KAMA SISI



Sisi watu wa reli tuliozaliwa Malava, tukisikia ndege ndogo ikivuma juu ya mawingu, twasema, "Huyo anakula raha." Twakosea.

Hebu tuitazame kazi yenyewe. Rubani wa Cessna Caravan, ndege yenye injini moja tu, huondoka Wilson, Nairobi, asubuhi na mapema kwenda Mara au Lodwar. Viwanja vingine huko ni udongo na changarawe. Mara nyingine hupita chini kwanza ili punda milia wakimbie, huzunguka, ndipo hutua. Akisha kutua, mara nyingi ni yeye apimaye mizigo na kuipakia, ni yeye afungaye abiria mikanda. Chai haijapoa, ameitwa tena.

Tena kuna jambo la saa. Ili apate leseni kubwa ya urubani, hana budi awe ameruka saa 1,500. Basi kijana aliyeuziwa ng'ombe na shamba ili asomeshwe hawezi kukataa safari. Wenzake wako mlangoni, nao wazitaka saa zizo hizo. Tajiri alijua hilo zamani! Wengine huchukua miraa hadi Somalia, na miraa hunyauka upesi. Mwenye mali hangoji mawingu yaondoke.

Sisi je? Dereva wa gari moshi haondoki stesheni ya Webuye bila ruhusa ya njia, hata mkubwa apige kelele namna gani. Rubani naye ana sheria, na kwa sheria hiyo neno la mwisho ni lake. Lakini kiwanja cha porini hakina mnara wala shahidi. Neno la mwisho lisilo na mkate ni neno gani?

Tarehe 5 Juni 1918 sisi hatukuwako, bali 5 Juni 2018 twaikumbuka sana. Caravan ilitoka Kitale, si mbali na kwetu, kwenda Nairobi, ikagonga milima ya Aberdare. Marubani 2 na abiria 8 walikufa wote, na mabaki yalionekana siku ya tatu. Hatusemi ni kosa la nani. Twasema mawingu ya milima yale si ya kubishana nayo kwa ajili ya ratiba.

Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma, na nchi nzima ilisikia. Rubani wa kampuni yenye ndege tatu akigoma peke yake, nani atasikia? Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 champa haki ya kuingia chama kama sisi. Kinachomzuia ni hofu.

Kwa hiyo twaomba halmashauri ya tawi letu iwaandikie viongozi wa chama cha marubani, tukae nao, tuwaulize: rubani akikataa kuruka kwa sababu ya hali ya hewa, nani atamlinda mshahara wake? Barua ikiwa tayari, sisi wa upande wa Malava tutatia sahihi.