Ukiwa mzima huulizi, ukiugua unamuuliza nani?

Maswali ya saratani yanayoingia kwenye simu ya studio baada ya kipindi cha afya ni ya aina mbili. Asiye na ugonjwa anauliza kwa ujumla: kulala na simu karibu na kichwa kunaleta saratani? Na sukari je? Na mafuta ya kupikia? Anaandika jina lake, anataja kijiji na anasalimia familia nzima. Aliyeambiwa ana saratani, au anayemuuguza mwenye nayo, haandiki jina. Swali lake ni moja tu: hii dawa niliyotumiwa kwenye WhatsApp inatibu kweli, au niendelee na hospitali?

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa kuliko inavyoonekana. Kwa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020, Watanzania zaidi ya 40,000 walipata saratani mwaka huo, na karibu 27,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Wengi wanaofika Ocean Road au Bugando hufika ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Tunapenda kusema ni kwa sababu ya umaskini na umbali, na ni kweli. Lakini kuna miezi mingine inapotea mtu akiwa nyumbani, simu mkononi, akitafuta majibu.

Wenzetu wa Marekani wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Tangu mwaka 2003 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya huko imekuwa ikiwauliza watu wazima, waliowahi kuugua saratani na wasiowahi, wanapata wapi habari za afya. Katika uchunguzi ule wa kwanza, nusu hivi walisema wakitaka habari za saratani wangependa kuanzia kwa daktari. Lakini kati ya waliokwisha kutafuta, karibu nusu walianzia kwenye intaneti, na walioanzia kwa daktari walikuwa kama mmoja kati ya kumi. Yaani hata kwenye nchi yenye madaktari wengi, mtu anamwamini daktari lakini anaanzia kwingine, kwa kuwa kwingine ni karibu.

Huko pia imeonekana kwamba aliyewahi kuugua hutafuta habari zaidi kuliko mzima, na humtegemea zaidi daktari wake. Hapo ndipo sisi tunapoachana nao. Mgonjwa wa kijijini kwetu anapewa rufaa kutoka zahanati hadi hospitali ya wilaya, kisha mkoa, kisha kanda. Kila kituo anakutana na daktari mpya mwenye foleni ndefu mlangoni. Anaambiwa atachukuliwa kinyama, majibu baadaye. Kinyama cha nini, hajauliza. Akirudi nyumbani jirani anamwambia uvimbe ukiguswa na kisu saratani inasambaa. Uongo huo umewafanya watu wengi wakimbie kipimo ambacho ndicho pekee kinachoweza kusema kwa uhakika ni saratani au siyo, na kama ni saratani, ni ya aina gani.

Halafu tuulizane, anayetafuta kwenye simu ni nani hasa? Mara nyingi siyo mgonjwa. Simu janja ni ya kijana wa nyumbani au ya binti aliyeko Mwanza. Na familia nyingi humwomba daktari asimtajie mama jina la ugonjwa, wakisema atakata tamaa. Basi watoto wanatafuta, wanajadiliana kwenye kundi la ukoo, wanaamua, na mama mwenyewe hajui anatibiwa nini. Naelewa upendo ulioko humo, ila siukubali. Mtu asiyejua anaumwa nini hawezi kumuuliza daktari swali hata moja la maana, na siku akichoka na dawa za dripu au mionzi ataacha, kwa kuwa hakuna aliyemweleza kwa nini anavumilia.

Wasioumwa nao wana hatari yao. Wao hawatafuti kabisa, kwa hiyo habari ndizo zinazowatafuta, na uvumi una miguu mirefu. Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 ikapanuliwa kwa wa miaka 9 hadi 14, dozi moja tu. Wazazi ambao hawakuwahi kuuliza lolote kuhusu ugonjwa huo walikuwa tayari wamesikia kwamba chanjo inafunga kizazi. Haifungi. Inamkinga binti na kirusi kinachosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi. Na wanawake wa miaka 30 hadi 50 wanapimwa kwa kupakwa siki maalumu, ambayo hufanya sehemu yenye dalili igeuke nyeupe. Ni kipimo cha dakika chache. Ni wangapi wamewahi kukiulizia kwenye kituo cha afya bila kuumwa chochote?

Kuna watakaosema imani za tiba ya mkato ni ujinga wa kijijini. Wakumbuke mwaka 2011, kikombe cha Babu wa Loliondo pale Samunge, kwa shilingi 500. Walikwenda wasomi, viongozi na matajiri. Wagonjwa walitolewa wodini, na wengine walikufa wakiwa kwenye foleni. Redio na magazeti tulilipeleka jambo lile mbali, tuseme ukweli. Ila kile kikombe ulilazimika kukifuata porini kwa siku kadhaa. Siku hizi muuzaji anakufuata mpaka kitandani, kwa video ya Kiswahili safi na namba ya kutumia pesa hapohapo, wala hatozi 500.

Hicho Kiswahili ndicho kinachonisumbua zaidi. Ukitafuta kwa Kiingereza utapata kurasa nzuri, zilizoandikwa kwa mtu ambaye daktari wake anapokea simu. Ukitafuta kwa Kiswahili, muuzaji anaweza kuwa wa kwanza kukujibu. Hospitali zetu zina wataalamu wanaoweza kueleza mambo haya vizuri, nimewasikia studioni. Wachache mno wanaweka maelezo hayo mahali ambapo mtu mwenye bando la siku moja atayakuta.

Wakati tunasubiri, ukienda kliniki usiende peke yako. Andika maswali kwenye karatasi: ugonjwa unaitwaje, uko hatua gani, dawa hii ni ya kuponya au ya kupunguza maumivu, nisipokuja nini kitatokea. Mwombe daktari akuandikie, au akuruhusu kurekodi sauti yake kwa simu, mkaisikilize nyumbani pamoja na mgonjwa. Majibu ya kinyama omba nakala, uende nayo kila unakopewa rufaa. Ukitumiwa dawa kwenye kundi, kabla ya kutuma pesa piga 199, kituo cha simu cha Wizara ya Afya. Ni bure, hata kama salio limeisha.