Viwavi wa Bustanini na Amana ya Mboga Tunazouza

Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, baada ya darsa moja ya akina mama, mama mmoja alibaki nyuma akaniuliza suali. Ana matuta machache ya mchicha na sukuma wiki nyuma ya nyumba yake. Sehemu hupika, na ziada huwauzia majirani. Viwavi walikuwa wameingia, na kwa muda mfupi majani yakabaki mishipa mitupu. Akataka kujua: je, inajuzu kuwaua, ilhali nao ni viumbe wa Mwenyezi Mungu? Nikamjibu kuwa inajuzu. Ndipo akaongeza kwa sauti ya chini kwamba alikwisha kuwapulizia dawa jana yake jioni, na asubuhi ile aliuza mafungu kumi.

Nilitambua kuwa suali ambalo hakuliuliza lilikuwa zito kuliko lile aliloliuliza. Kwa kuwa naamini hayuko peke yake, nimeona tuyazungumze yote mawili.

Tuanze na hukumu ya kuua. Imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alitaja wanyama watano wenye madhara wanaoruhusiwa kuuawa hata katika Haram, miongoni mwao nge na panya. Wanavyuoni wengi wamekiasi juu yao kila chenye kudhuru mwili au mali ya mtu. Mboga ni mali, na ni riziki ya watoto. Basi kiwavi anayeiteketeza huondoshwa, na mwenye kumwondosha hana dhambi.

Lakini ruhusa hiyo ina mipaka. Abu Hurayra (R.A.) amepokea kisa cha Nabii mmoja aliyeumwa na chungu akaamuru mji wao wote uchomwe moto. Mwenyezi Mungu akamlaumu kwa kuangamiza umma unaomsabihi kwa sababu ya mmoja tu aliyemuuma. Aidha, imekatazwa kuadhibu kwa moto, na tumeamrishwa kufanya wema hata tunapochinja. Kwa hiyo kuwamwagia viwavi mafuta ya taa na kuwawasha, au kuwaachia watoto wawachezee kwa kuwatesa, si katika adabu za Muislamu.

Tukishajua hukumu, tumjue na mdudu mwenyewe. Kiwavi ni mtoto wa kipepeo au wa nondo. Mama yake hutaga mayai juu ya majani, mara nyingi upande wa chini, na baada ya siku chache viwavi huanguliwa na kuanza kula. Anayekagua bustani yake kila siku huyakuta mayai au viwavi wachanga, na hapo kazi ni nyepesi. Anayengoja mpaka majani yatoboke huwa amechelewa, na ndiye anayekimbilia sumu kali. Wahenga wamesema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Dawa ya kwanza, basi, ni mkono. Baada ya Sala ya Alfajiri, mzazi na watoto wake wachukue kopo, wageuze majani, wayapondeponde mayai na kuwaokota viwavi. Wenye manyoya wasishikwe kwa mkono mtupu, kwa kuwa baadhi yao huwasha. Watolewe kwa kijiti. Wale wasio na manyoya wapewe kuku. Kwa bustani ya matuta matano au sita, kazi hii haichukui hata nusu saa.

Ikiwa wamezidi, upo mwarobaini, ambao umejaa katika mitaa yetu. Kokwa zake zilizokauka hutwangwa, kisha kiasi cha gramu 50 hulowekwa usiku kucha katika lita moja ya maji. Maji hayo huchujwa, hutiwa sabuni kidogo ili yashike kwenye jani, na hupuliziwa jioni, kwani jua kali hupunguza nguvu yake. Hayamuui kiwavi papo hapo. Humfanya asile vizuri na asiweze kujivua gamba na kukua. Hata hivyo, nayo ni dawa: iwekwe mbali na watoto, na mboga zioshwe vyema.

Vilevile ipo dawa itokanayo na bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis, aliyegunduliwa nchini Japani mwaka 1901 katika viwavi wa hariri waliokuwa wakifa. Kiwavi akila jani lililopuliziwa, utumbo wake huharibika akaacha kula.

Wapo watakaosema, dawa ya moto ni moto. Viwavi wakizidi, na sumu izidishwe. Sikubaliani nao. Nondo wa kabichi, ambaye viwavi wake hushambulia pia sukuma wiki, aliripotiwa kuwa sugu kwa DDT huko Java, Indonesia, mwaka 1953, na tangu hapo amezoea sumu nyingine nyingi. Sumu isiyochagua huua pia nyigu na buibui wanaokula viwavi, na nyuki wanaochavusha maua yetu. Mwenye kupulizia ovyo huwaua wasaidizi wake, kisha adui akarudi akiwa na nguvu zaidi.

Sisemi kuwa dawa za viwandani ni haramu. Mkulima wa mahindi aliyevamiwa na viwavijeshi vamizi, walioripotiwa barani Afrika mwaka 2016 na kuingia Tanzania na Kenya mwaka 2017, anaweza asiwe na njia nyingine. Ninalosema ni kwamba dawa hizo zina masharti, na kuyavunja masharti hayo ni dhulma. Inunuliwe iliyosajiliwa, yenye lebo yake, wala si ile inayopimwa kwenye chupa za soda. Chupa ya soda yenye sumu, ikiwekwa chini ya kitanda, ni mtego kwa mtoto mwenye kiu. Utepe wa rangi kwenye chupa husomwa: nyekundu ni sumu kali kabisa, kisha manjano, kisha buluu, na kijani ndiyo nafuu zaidi. Kubwa kuliko yote, lebo hutaja siku za kusubiri baina ya kupulizia na kuvuna. Siku hizo hutofautiana baina ya dawa na dawa, na asiyezijua amuulize bwana shamba kabla ya kufungua kizibo.

Hapa ndipo tunaporudi kwa mama yetu. Mboga aliyoiuza ilikuwa kijani, nzuri na isiyo na tundu. Mnunuzi hakuweza kuona kilichokuwa juu yake. Tunakumbuka kisa cha Mtume (S.A.W.) sokoni, alipotia mkono wake ndani ya rundo la nafaka akakuta unyevu uliofichwa chini. Alimkemea muuzaji kwa kutouweka juu ili watu wauone, akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika sisi. Ikiwa unyevu wa mvua ulistahiki kemeo hilo, itakuwaje sumu iliyofichwa kwenye chakula cha watoto wa jirani?

Na sisi wanunuzi tuna sehemu yetu katika kosa hili. Tukifika sokoni tunachagua jani lisilo na alama hata moja, na lenye tundu tunalisukuma pembeni. Muuzaji hujifunza kutokana na macho yetu. Jani lenye tundu dogo likioshwa na kupikwa halina ubaya, na kiwavi akikutwa humo hutolewa akatupwa. Mdudu asiye na damu yenye kuchuruzika hainajisi mboga.

Nilimwambia yule mama awaendee wote aliowauzia, awaambie ukweli, awarudishie fedha zao, na mboga iliyobaki isiliwe. Aliyekwisha kula na akajihisi vibaya apelekwe hospitali mara moja, pamoja na chupa ya dawa ili daktari aione. Alisema anaona aibu. Nikamwambia kuwa aibu ya leo mbele ya majirani kumi ni nyepesi kuliko hesabu ya kesho. Alikwenda nyumba kwa nyumba. Alhamdulillahi, hakuna aliyedhurika, na wengi wao bado wananunua kwake, kwa kuwa sasa wanajua kuwa hawafichi.

Mtume (S.A.W.) ametubashiria kuwa Muislamu akipanda mti au mmea, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Tuzilinde bustani zetu zibaki kuwa sadaka kwa wale wanaokula humo.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali iliyo njema, na atulinde na kuwadhuru waja wake. Amin.