Vichwa vya habari visikatwe ulimi

Asubuhi moja jirani yangu aliwazuia wanawe kwenda shuleni. Nilipomuuliza sababu, alinionyesha gazeti ambalo ukurasa wake wa kwanza ulikuwa umejaa maneno mawili: WALIMU KUGOMA. Nililifungua nikasoma habari yenyewe. Kumbe walimu walikuwa wametoa ilani ya majuma mawili tu, na mazungumzo yalikuwa yakiendelea! Watoto wale walipoteza siku nzima ya masomo kwa sababu ya kitenzi kisicho na njeo.

Wahariri hujitetea kwamba nafasi ni finyu. Utetezi huo si wa kupuuzwa. Neno moja la Kiswahili kama 'hawatatulipa' lina herufi 12, nalo limebeba ukanushi, mtenda, wakati, mtendwa na kitendo chenyewe. Likichapwa kwa herufi pana, safu haitoshi. Ndipo mhariri anapokata kiambishi cha nafsi na cha wakati, akabaki na 'ku-' isiyomfunga yeyote.

Hata hivyo, dawa ya ufinyu huo ipo tangu zamani. Mwaka wa 1965, Mwingereza Geoffrey Lee alibuni herufi ziitwazo Impact, zikatolewa na kampuni ya Stephenson Blake ya Sheffield. Ni herufi nene, zilizobanwa mbavu, zisizo na vijipambo kwenye ncha. Katika miaka ya 1990, kampuni ya Microsoft ilizieneza katika tarakilishi duniani kote. Herufi za jamii hii huingiza maneno mengi zaidi katika mstari ule ule bila kupunguza kimo wala uzito.

La kusikitisha ni kwamba nafasi inayookolewa haipewi sarufi, bali huongezewa ukubwa wa herufi. Kichwa kile kingaliweza kusema WALIMU WATISHIA KUGOMA kwa kuongeza herufi nane tu.

Sisemi kwamba herufi hizi hazina kasoro. Matundu ya herufi ndogo 'a' na 'e' ni membamba mno, na kwa kuwa silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, herufi hizo hutujia kwa wingi. Zikichapwa kwa udogo kwenye karatasi ya gazeti, wino huyaziba matundu hayo na neno likageuka doa. Basi zibaki katika vichwa vikubwa, zisishuke hadi kwenye maelezo ya picha.

Yamkini nitaambiwa kwamba msomaji makini husoma habari yote. Je, ni wangapi wanaolinunua gazeti? Wengi husimama kando ya njia, wakavitazama vichwa vilivyotandazwa na mchuuzi, kisha wakaenda zao. Kwa hao, habari yote ni kichwa. Wahariri wetu na wapunguze kimo cha herufi kidogo, waturudishie njeo.