Tochi, Elfu Thelathini na Haki ya Kubisha

Ndugu madereva, bodaboda, bajaji na wenye magari wa Elerai, Arusha,

Tunaandikiwa, tunalipa, tunanung'unika. Kijiweni hadithi ni ileile: "Nilikuwa hamsini kabisa, lakini nitabishana na nani?" Halafu mtu anatoa simu, analipa shilingi 30,000 kwa namba ya malipo, anawasha gari. Naandika kuwaomba tuiache desturi hiyo. Sisemi tugome kulipa faini. Nasema tuache kulipa faini ambayo mtu anaamini kwa dhati kwamba kaonewa.

Nisieleweke vibaya: sina ugomvi na tochi, kile kifaa cha trafiki cha kupimia mwendo. Tarehe 24 Februari 2024, pale Kibaoni, Ngaramtoni, watu 25 walikufa baada ya lori lililoripotiwa kukosa breki kuvamia magari mengine. Tarehe 6 Mei 2017, wanafunzi 32 wa Lucky Vincent, walimu wao wawili na dereva waliondoka Arusha asubuhi kwenda Karatu na hawakurudi. Kwa jiji lililozika kiasi hicho, anayekimbiza gari katikati ya makazi ya watu alipe, tena alipe haraka. Wito huu haumhusu.

Unamhusu yule mwingine anayeamini kaonewa, ambaye sote tunamfahamu. Trafiki mmoja yuko nyuma na tochi, mwenzake yuko mbele, na picha inarushwa kwa WhatsApp. Unasimamishwa, unaonyeshwa kioo cha simu juani: mgongo wa gari, tarakimu 61, basi. Simu inarudi mfukoni kabla macho hayajazoea mwanga. Lile ni gari lako? Namba inasomeka? Saa imeandikwa? Picha ilipigwa kabla ya kibao cha 50 au baada yake? Ulikuwa peke yako, au kuna kifodi kilichokuwa kinakupita wakati huohuo? Wakili angeanza na maswali hayo, na hakuna kinachokuzuia wewe kuyauliza palepale kwa adabu: "Afande, naomba niione picha vizuri."

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ni ya mwaka 1973. Kifungu chake cha 95 kinamwezesha askari kukuandikia kosa ukalikubali, ukalipa, mambo yakaishia hapo. Njia hiyo ya mkato imewekwa kwa ajili ya anayekubali. Asiyekubali anaweza kusema hakubali na kuomba shauri lipelekwe mahakamani. Huko mzigo wa kuthibitisha unabebwa na upande wa mashtaka, na Katiba yetu, ibara ya 13(6), inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Aliyeshika tochi ndiye atakayeeleza alisimama wapi, kifaa kilikaguliwa lini na kibao kilikuwa upande gani. Na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 lugha ya mahakama ni Kiswahili, kwa hiyo kisingizio cha kutojua kimombo kimekwisha.

Mbona basi karibu hakuna anayekwenda? Ni hesabu tu. Faini ni 30,000, na kwa bodaboda na bajaji ilishushwa hadi 10,000 katika bajeti ya 2021/22. Ukikataa kosa huenda ukapita kituoni kwanza kutafutiwa mdhamini (usijaribu hilo ukiwa na mgonjwa kwenye gari). Siku ya kesi hesabu ya tajiri inakungoja palepale, na shauri likiahirishwa unarudi tena. Wakili wa kumlipa peke yako atakugharimu sawa na faini kadhaa. Mtu mwenye akili timamu analipa na kuondoka, nami simlaumu. Ila kwa kuwa kila mmoja wetu anafanya hivyo, tochi haiulizwi swali na mtu yeyote.

Kwa hiyo jambo hili haliwezekani kwa mtu mmoja. Linawezekana kwa kijiwe. Watu 30 wakichanga 1,000 kila mwezi, kwa mwaka ni 360,000. Hizo hazitoshi kubishia kila faini, na wala hatuhitaji kufanya hivyo. Tuchague shauri moja lenye ushahidi mzuri, tulisimamie mpaka mwisho. Arusha haina upungufu wa mawakili, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaohudumia bure wasio na uwezo. Hawaruhusiwi kusimama mahakamani kukutetea, lakini watakueleza haki zako na kukuelekeza pa kwenda. Wengi wetu hatujawahi kuwauliza hata swali moja.

La pili ni daftari, na kwangu mimi daftari lina thamani kuliko hata mfuko wa michango. Kila anayeandikiwa aandike tarehe, saa, mahali, uelekeo, mwendo uliosomwa, na kama aliona kibao. Ikija kuonekana watu kumi wameandikwa mahali pamoja ambapo kibao kimefunikwa na matawi, au kimeng'olewa kikaishia kwa wauza vyuma chakavu, hapo hatuzungumzi tena habari ya dereva mzembe. Barabara kuu ni za TANROADS, za mitaani ni za TARURA. Tuwaandikie barua ya kuomba kibao kirekebishwe; ipitie kwa mtendaji wa kata na diwani, nakala iende Kamati ya Usalama Barabarani ya Mkoa. Barua yenye tarehe kumi ni vigumu kuitupa kapuni.

Msidhani kelele za pamoja hazifiki popote. Uganda, Juni 2025, serikali ilisitisha kwa muda mfumo wa faini za kamera siku chache tu baada ya kuuanzisha, kufuatia malalamiko mengi ya madereva.

Anayetoa elfu tano ya chai ili asiandikiwe hana nafasi kwenye daftari hili. Amehonga, na kesho anatupandishia bei sote. TAKUKURU wanapokea simu bure, namba 113.

Nanyi wamiliki, mkiwemo akina mama wenye bajaji za mkopo, angalieni madeni ya faini ya vyombo vyenu mara kwa mara, maana deni linabaki kwenye namba ya chombo hata dereva akishaondoka.

Wenyeviti wa vijiwe, kabla mwezi huu haujaisha chagueni mtunza fedha na mtunza daftari, mpeleke majina ofisi ya kata, tuombe msaidizi wa kisheria atupe Jumamosi moja. Na atakayeandikiwa kesho akaona kaonewa, asigombane na askari, asikimbie, asitoe chochote. Aipige picha karatasi yake, aandike saa na mahali, ailete kijiweni.