DRC: Namba moja, watu wawili. Kwa nini listi ya mishahara ya serikali ni ngumu kusafisha

Mwanzoni mwa 2023, Ukaguzi Mkuu wa Fedha (IGF), wakati huo chini ya Jules Alingete, ulitangaza matokeo ya uchunguzi juu ya mishahara ya wafanyakazi wa serikali. Watu 145.604 walikuwa na namba za matrikuli zisizo sahihi ao za kubuni. Wengine 53.328 walikuwa na namba moja na mtu mwingine. Majina 93.356 yalionekana zaidi ya mara moja.

Wengi waliona humo wizi tu. Lakini kuna pia tatizo la daftari zenyewe.

Mwalimu wa Kivu anaandikwa DINACOPE (zamani SECOPE), idara inayodhibiti mishahara ya walimu, kisha kwenye listi ya malipo, kisha kwenye benki. Ili kompyuta ijue kwamba maandishi hayo matatu ni ya mtu mmoja, inahitaji jedwali linalounganisha namba zake, na watu wa kulitunza kila mwalimu anapohamishwa, anapostaafu ao anapofariki. Lisipotunzwa, marehemu anaendelea kulipwa.

Majina hayasaidii sana. Mkongomani anaweza kuwa na jina, postnom na prenom. Daftari moja likiwa na nafasi tatu na lingine nafasi moja, mtu mmoja anaonekana kuwa wawili. Kinyume chake, akina Bahati na Furaha ni wengi Goma na Bukavu. Programu inayofuta kila jina linalojirudia inaweza kumfuta mwalimu ambaye yuko darasani kila asubuhi.

Namba moja ya taifa ingepunguza shida hiyo. Lakini sensa ya mwisho ilifanyika 1984, na ONIP, ofisi ya kutambua raia iliyoundwa 2011, haijawapa wananchi wote kitambulisho. Kadi ya mchaguzi ndiyo inashika nafasi hiyo, ingawa ilitengenezwa kwa ajili ya kura na inatolewa upya kila uandikishaji.

Kabla ya kununua mashine mpya, kuna kanuni ambazo hazina gharama kubwa: namba ya mtu aliyeondoka isipewe mwingine, kila badiliko liandikwe pamoja na tarehe na jina la aliyelifanya, na mwenye jina linalojirudia aitwe ajieleze kabla ya kufutwa. Bila hayo, kila usafishaji utaacha hewa kwenye listi na kuondoa watu.